Tadoussac, Québec: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Historia na Watu Wake

Tangu nihamie jijini Québec, ndugu na marafiki wananiuliza kuhusu picha ninazotuma kila nikisafiri kwenda Tadoussac. Kikanisa cha mbao chenye paa jekundu ni cha lini? Watu wanaishi huko kweli, au ni mahali pa watalii tu? Mbona mto unaonekana kama bahari? Nimejibu mara nyingi kwa ujumbe wa sauti, tena kwa haraka, nikiwa kituo cha basi. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa pamoja na majibu yake. Kijiji hiki nimekizuru mara nne, mara moja kwenye baridi ya Februari, na ile ya Februari ndiyo iliyonifunza zaidi.

Tadoussac iko wapi hasa?

Iko mashariki mwa Kanada, katika jimbo la Québec, pale Mto Saguenay unapoingia katika Mto Saint-Laurent. Ukitoka jijini Québec unafuata barabara namba 138 kuelekea kaskazini-mashariki kwa kilomita kama 210, huku mto ukiwa mkono wako wa kulia karibu njia nzima. Kiutawala ni manispaa ya kijiji katika mkoa wa Côte-Nord.

Neno "mto" lisikudanganye. Saint-Laurent ukifika hapo umekwisha kuwa bahari kwa kila hali ila jina. Maji yake ni ya chumvi, yanakupwa na kujaa, na ng'ambo ya pili huioni vizuri ila siku ya anga safi. Saguenay nao, sehemu yake ya chini, ni fiodi, yaani mkono mrefu wa bahari ulioingia bara kati ya kuta za mawe. Fiodi hiyo ina urefu wa kilomita 100 hivi, na kina chake kinapita mita 250. Barafu ya zama za kale ndiyo iliyoichimba.

Jina hilo linatamkwaje, na maana yake nini?

Linatamkwa "Tadusak". Si neno la Kifaransa. Linatoka katika lugha ya Wainnu, wenyeji wa nchi hiyo, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maana yake ni matiti, kwa sababu ya vilima viwili vya mviringo vilivyo upande wa magharibi wa kijiji. Ukiwa juu ya kivuko unaviona na hutahitaji maelezo zaidi. Wakazi wanajiita Tadoussaciens, na wanawake Tadoussaciennes.

Wakazi ni wangapi?

Takribani 800. Sensa ya 2006 ilihesabu watu 850, ya 2011 ikahesabu 813, na ya 2016 ikapata 799. Kwa hiyo katika miaka hiyo kulikuwa na kupungua, lakini kupungua kwa polepole, watu kumi na kitu hapa, thelathini na kitu pale.

Ila mtu akiniuliza swali hili, nami humuuliza: unataka hesabu ya mwezi gani? Ukienda Julai utadhani umefika mji wa maelfu. Magari yamepanga foleni kutoka kwenye kivuko mpaka juu ya mlima, maboti ya kutazama nyangumi yanaingia na kutoka, kuna vijana kutoka Montréal na Ufaransa wanaofanya kazi hotelini na mikahawani, na kuna familia zenye nyumba zao za kiangazi ambazo babu zao walikuwa wakija tangu karne ya 19. Ukienda Februari, milango mingi imepigwa mbao. Nilipokwenda, nilitembea barabara inayopita mbele ya hoteli kubwa tangu mwanzo hadi mwisho nikakutana na watu wawili na mbwa mmoja. Moshi wa kuni ulikuwa umesimama wima juu ya mapaa kwa jinsi hewa ilivyotulia, na kutoka gatini ilisikika sauti ya vipande vya barafu vikisuguana, kama mtu anayeburuta viti kwenye ukumbi mtupu. Muuza duka alinisalimu kama mtu aliyekuwa akinitarajia. Hao ndio wale 800.

Naona historia yote ya Tadoussac imo katika tofauti hiyo ya Julai na Februari. Tangu enzi na enzi pamekuwa mahali ambapo wengi hukutana na wachache hubaki. Hata wasafiri wa kale waliopita hapo kwa merikebu walikuta hali ileile.

Nani walikuwa hapo kabla ya Wafaransa?

Wainnu, ambao Wafaransa waliwaita Montagnais, watu wa milimani. Wanaakiolojia wamepata katika eneo hilo dalili za watu waliokuwepo maelfu ya miaka kabla ya merikebu ya kwanza kutoka Ulaya. Saguenay ilikuwa njia kuu ya biashara. Ngozi za wanyama zilishuka kutoka bara la kaskazini kwa mitumbwi, zikabadilishwa mdomoni mwa mto kwa bidhaa za pwani. Kiangazi watu walishuka mtoni kuvua, kuwinda sili na kukutana na jamaa. Majira ya baridi walitawanyika msituni kuwinda. Kwa hiyo lile jambo la kujaa na kupwa kwa watu halikuletwa na watalii.

Jacques Cartier, baharia Mfaransa, alifika mdomo wa Saguenay mwanzoni mwa Septemba 1535. Katika karne hiyohiyo Wabaski, wavuvi kutoka mpaka wa Ufaransa na Uhispania, walikuja kuwinda nyangumi na kuyeyusha mafuta yake ufukweni, na katika safari hizo wakanunua ngozi pia. Mwaka 1600 ulipofika, Wainnu walikuwa wazoefu wa kufanya biashara na Wazungu. Walijua bei, na walijua kusubiri merikebu ya pili ifike ndipo wauze.

Ni kweli kwamba ni makazi ya kwanza ya Wafaransa katika Kanada?

Inategemea unavyolisema. Kituo cha kwanza cha biashara ya ngozi kilichojengwa kwa idhini ya mfalme, ndiyo, kilikuwa hapo, mwaka 1600. Lakini Cartier na mkuu wake Roberval walikuwa wamejaribu kuweka watu karibu na jiji la leo la Québec katika miaka ya 1540, wakashindwa na kurudi kwao.

Habari ya 1600 inafaa isimuliwe taratibu. Mfanyabiashara na nahodha Pierre de Chauvin de Tonnetuit alipewa na Mfalme Henri IV haki ya peke yake ya biashara ya ngozi, kwa sharti la kupeleka walowezi. Wenzake walimshauri asijenge Tadoussac. Pana miamba, pana mchanga, pana upepo, na baridi yake haina mfano. Hakusikia. Alijenga nyumba moja, ambayo Samuel de Champlain, Mfaransa aliyekuja kuanzisha jiji la Québec, baadaye aliieleza: urefu toise nne, upana tatu, yaani kama mita 8 kwa 6, kimo chake futi nane, imeezekwa mbao, jiko katikati, na kuzungukwa na uzio wa fito na mtaro mdogo uliochimbwa mchangani. Vuli ilipofika Chauvin akapakia ngozi zake akarudi Ufaransa. Nyuma aliwaacha wanaume 16 humo.

Piga picha nyumba hiyo. Ni ukubwa wa sebule na chumba cha kulala, na watu 16, miezi sita ya theluji, katika nchi ambayo hakuna aliyejua kuwinda. Mvinyo na vyakula viliisha, wakaanza kugombana na kuugua. Waliokuwa hai kiangazi kilipofika ni watano. Na hao watano walipona kwa sababu waliiacha ile nyumba wakaenda kuomba hifadhi kwa Wainnu, wakagawiwa nyama na mahali pa kulala.

Leo pale karibu na hoteli kuna nakala ya nyumba hiyo, iliyojengwa mwaka 1942. Niliingia nikasimama katikati nikahesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Hazikufika kumi. Bango la nje linamtaja Chauvin, na ni haki yake, lakini mimi ningeanza na wale waliofungua mlango wa kibanda chao wakakuta Wafaransa watano waliokondeana. Sensa ya kwanza ya Wafaransa wa Tadoussac ilikuwa 16, ya pili 5, na hata hao 5 ni hesabu ya ukarimu wa wenyeji.

Mwaka 1603 kulitokea nini? Nasikia kulifanyika mkataba.

Ulikuwa mkataba wa maneno, mbele ya chakula. Tarehe 27 Mei 1603, François Gravé Du Pont na Champlain, ambaye wakati huo hakuwa na cheo chochote katika safari hiyo, walivuka kutoka Tadoussac kwenda rasi iliyo ng'ambo ya Saguenay, Pointe-aux-Alouettes, katika kijiji cha leo cha Baie-Sainte-Catherine. Huko mkuu wa Wainnu, Anadabijou, alikuwa na karamu pamoja na watu wake kati ya 80 na 100, wakishangilia ushindi dhidi ya Wairokwa, muungano wa mataifa mengine ya wenyeji.

Champlain aliandika hata mpangilio wa masufuria. Yalikuwa nane au kumi, katikati ya kibanda kirefu, kila moja na moto wake, na kati ya moja na jingine kama hatua sita. Ndani mlikuwa na nyama ya mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ya dubu, ya sili, ya biva (mnyama wa mtoni), na ndege wengi. Wanaume walikaa pande mbili, kila mmoja na bakuli lake la gome la mti.

Wafaransa walikuwa wamekuja na Wainnu wawili waliokuwa wamepelekwa Ufaransa na kumwona Mfalme Henri IV. Mmoja akasimama akahutubia, akaeleza walivyopokewa vizuri, na kwamba mfalme anawatakia mema na yuko tayari kuwasaidia kupatana na maadui zao au kupigana nao. Anadabijou alisikiliza kimya, akavuta tumbaku, akampa Gravé Du Pont kiko naye avute, kisha wengine. Ndipo akasema amefurahi, na kwamba yuko radhi mfalme huyo alete watu wakae katika nchi yao.

Kwa wanahistoria wengi wa Québec, ruhusa hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kujengwa kwa jiji la Québec miaka mitano baadaye. Ninachokiona mimi ni kwamba mwenyeji alisema "njooni mkae", na aliposema hivyo hakuwa ametoa hati ya kumiliki. Kila upande uliondoka na maana yake. Ugomvi wa ardhi ambao Wainnu wanajadiliana na serikali mpaka leo una mzizi wake katika kutoelewana huko.

Mbona basi mji mkuu ulijengwa Québec, usijengwe Tadoussac?

Kwa sababu zilezile alizoambiwa Chauvin. Udongo hauna rutuba ya kulisha watu, na baridi inawahi kufika. Champlain alipopata nafasi ya kuchagua mwaka 1608, alipanda mto zaidi hadi pale unapobana, mahali ambapo mizinga michache inaweza kuzuia merikebu na ardhi inakubali nafaka. Tadoussac ikabaki bandari. Merikebu kubwa zilitia nanga hapo, abiria na mizigo ikahamishiwa mashua ndogo kwenda Québec. Karibu kila jina kubwa la mwanzo wa Nouvelle-France, koloni la Ufaransa huko, lilikanyaga mchanga huo, likalala siku chache, likaondoka.

Waingereza waliwahi kuiteka?

Ndiyo. Ndugu wa ukoo wa Kirke waliichukua mwaka 1628, wakaifanya kituo chao, na mwaka uliofuata Champlain akasalimisha Québec. Ufaransa ilirudishiwa nchi hiyo kwa mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1632. Baadaye, mwaka 1661, Wairokwa waliishambulia wakaiharibu. Lakini silaha mbaya kuliko zote haikuwa bunduki. Ndui na maradhi mengine yaliyoletwa na merikebu yaliwaangamiza Wainnu wengi katika karne hiyo ya 17, na hakuna sensa iliyowahi kuwahesabu waliokufa.

Kile kikanisa cha mbao kina umri gani?

Kilianza kujengwa mwaka 1747, na ni miongoni mwa makanisa ya mbao ya zamani zaidi yaliyobaki wima Amerika ya Kaskazini. Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki, walikuwa na misheni hapo tangu karibu 1641, na makanisa ya awali yaliharibika. Hiki kilijengwa na padri Mjesuiti Claude-Godefroy Coquart. Hocquart, aliyekuwa intendanti wa koloni, yaani msimamizi wake wa fedha na sheria, alitoa mbao na misumari, na padri akaahidi kumsomea misa.

Ukifika, usiishie kupiga picha nje. Ingia. Ni kidogo kuliko unavyotarajia. Mbao za sakafu zinalia chini ya mguu, na harufu ni ya mti mkavu na nta. Kuna kengele iliyorithiwa kutoka kanisa la awali. Kuna pia sanamu ya Mtoto Yesu ambayo mapokeo husema ilitolewa na Mfalme Louis XIV. Walioabudu humo hawakuwa Wafaransa hasa. Walikuwa Wainnu, waliokuja kiangazi kufanya biashara, kubatiza watoto na kufunga ndoa, kisha wakarudi misituni. Kikanisa hiki kilijengwa kwa ajili yao na, ukisoma daftari zake za ubatizo, ndiyo sensa halisi ya Tadoussac ya wakati ule.

Hadithi ya kengele iliyolia yenyewe ni ipi?

Inamhusu Jean-Baptiste de La Brosse, Mjesuiti wa mwisho wa misheni hiyo. Alijifunza lugha ya Wainnu kwa bidii, akafundisha wengi kusoma na kuandika, na mwaka 1767 akachapisha jijini Québec kitabu cha sala kwa lugha yao. Wainnu waliendelea kufundishana kusoma, mzazi kwa mtoto, vizazi baada yake. Alifariki Tadoussac tarehe 11 Aprili 1782.

Wenyeji husimulia kwamba jioni hiyo alikaa na wafanyakazi wa kituo akicheka na kucheza karata, na alipoinuka akawaaga akisema usiku wa manane atakuwa amekufa, na kengele itawaambia. Aliwataka asubuhi wakamchukue padri wa kisiwa cha Île aux Coudres aje kumzika, wasiogope bahari. Saa sita usiku kengele ikalia bila mkono wa mtu. Wakamkuta ameinamia altareni, amefariki. Kulipokucha kulikuwa na dhoruba, lakini mbele ya mtumbwi wao maji yakatulia. Kule Île aux Coudres wakamkuta padri amesimama ufukweni anawasubiri, kwa kuwa kengele yake nayo ilikuwa imelia.

Nimeisikia ikisimuliwa ndani ya kikanisa chenyewe, na watoto wote waligeuka kuitazama kengele.

Kilipataje kuwa kijiji cha familia za Kifaransa?

Kwa kuchelewa sana. Kwa karibu karne mbili sheria ilizuia walowezi kukaa Saguenay, kwa kuwa eneo lote lilitengwa kwa biashara ya ngozi, kwanza kwa mfalme wa Ufaransa, kisha chini ya Waingereza baada ya 1760. Kampuni za biashara zilipokezana kituo hicho, ya mwisho ikiwa Kampuni ya Hudson's Bay. Waliokaa mwaka mzima walikuwa karani na wafanyakazi wachache.

Mlango ulifunguka miaka ya 1830. Mwaka 1838 watu wa eneo jirani la Charlevoix waliounda ushirika ulioitwa Société des Vingt-et-Un, yaani watu ishirini na mmoja, walianza kupasua mbao na kulowea ndani ya Saguenay, na mfanyabiashara William Price akaweka kiwanda cha kupasua mbao karibu na Tadoussac, katika ghuba ya L'Anse-à-l'Eau. Familia za Charlevoix zikaja na majina yao ya ukoo, nyimbo zao na namna yao ya kutamka Kifaransa. Wakazi wengi wa leo ni wajukuu wa wajukuu wao.

Mbao hazikudumu, lakini meli za abiria zikaja. Hoteli ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1864, na matajiri wa Montréal, Québec na Marekani wakaanza kuja kukimbia joto la mjini. Gavana Mkuu Lord Dufferin alijenga nyumba yake ya kiangazi hapo mwaka 1873. Hoteli unayoiona leo, nyeupe ndefu yenye paa jekundu, ni ya 1942. Meli hizo kubwa nyeupe ziliendelea hadi miaka ya 1960.

Kwa kumbukumbu: mwamba ulio nje ya mdomo wa Saguenay, wenye mnara wa taa unaofanana na pia ya mtoto, unaitwa Haut-fond Prince kwa sababu meli iliyombeba Mwanamfalme wa Wales mwaka 1860 ilipanda juu yake.

Kwa nini nyangumi wanakuja hapo hasa?

Kwa sababu ya umbo la chini ya maji. Bonde refu la baharini, lenye kina cha zaidi ya mita 300, linatoka Atlantiki na kukomea karibu na Tadoussac, ambapo sakafu inapanda ghafla. Maji baridi ya chini yanagonga ukingo huo na kusukumwa juu kila maji yanapojaa, yakibeba krili, ambao ni kama uduvi, na samaki wadogo. Chakula kinarundikana mahali pamoja. Nyangumi wa aina nyingi hukifuata kiangazi, hata nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani.

Beluga, nyangumi weupe, hawaondoki. Wanaishi Saint-Laurent mwaka mzima. Katika miaka ya 1930 serikali ya Québec ililipa fedha kwa kila beluga aliyeuawa, kwa imani kwamba wanamaliza samaki wa wavuvi. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1979 wakiwa wamebaki wachache mno. Makadirio ya wanasayansi yaliyotolewa 2023 ni kama 1,850, ambayo ni juu ya makadirio ya awali kwa kuwa njia ya kuhesabu imeboreshwa, si kwa kuwa wamezaana ghafla. Bado wako hatarini. Kwa hiyo beluga ni wengi kuliko wanakijiji mara mbili na zaidi, na kila mwanakijiji anayeishi kwa utalii anajua nani anamlisha mwenzake. Tangu 1998 kuna hifadhi ya bahari ya Saguenay–Saint-Laurent, na maboti yanatakiwa kukaa mita 400 mbali na beluga.

Si lazima upande boti. Tembea njia fupi ya Pointe de l'Islet, kaa juu ya mawe, nyamaza. Mara nyingi utasikia pumzi kabla hujaona mgongo.

Wainnu wako wapi leo?

Walio karibu zaidi ni jamii ya Essipit, kandokando ya kijiji cha Les Escoumins, kilomita kama 40 kutoka Tadoussac. Wengine walihamia Pessamit, mbele zaidi. Katika karne ya 19, walowezi na wakata mbao walipojaa, serikali iliwatengea maeneo hayo, na Tadoussac, mahali walipokusanyika kila kiangazi, pakawa kijiji cha wengine. Essipit leo wanaendesha biashara za utalii, zikiwemo za kutazama nyangumi. Ukisoma kwamba Tadoussac ni "mji wa miaka zaidi ya 400", kumbuka ni umri wa nyumba ya Chauvin, si umri wa mahali.

Je, nikijua Kiingereza tu nitaweza kuishi huko?

Kutembea, ndiyo, wahudumu wa watalii wengi wanakijua. Kuishi, hapana. Karibu wakazi wote lugha yao ya kwanza ni Kifaransa, na ofisi ya manispaa, shule na mazungumzo ya dukani ni kwa lugha hiyo. Ndugu zangu mliosoma Bukavu au Bujumbura mtaelewana nao, ila mpe mzee wa Côte-Nord dakika tano sikio lako lizoee.

Kwa nini vijana wanaondoka ikiwa watalii ni wengi?

Kazi nyingi ni za Mei hadi Oktoba. Baada ya hapo ni posho ya kukosa kazi au kuhama. Nyumba nazo zimekuwa ghali na adimu kwa sababu ya wageni wa msimu. Ukitaka masomo ya juu lazima uende Baie-Comeau, jiji la Saguenay au Québec, na wengi wakishazoea huko hawarudi. Wanaobaki wanajitahidi kweli: tangu 1984 kuna tamasha la nyimbo kila Juni, na kuna kituo cha elimu ya mamalia wa baharini kinachovuta watafiti. Mimi naiona ni kazi kubwa kwa watu 800.

Kivuko kinalipiwa? Mbona hakuna daraja?

Ni bure, usiku na mchana, mwaka mzima, kwa kuwa kinahesabiwa ni sehemu ya barabara 138. Dakika kama kumi. Daraja limeombwa miaka mingi na watu wa Côte-Nord, ambao foleni ya kiangazi na barafu ya majira ya baridi vinawachosha. Kikwazo ni gharama, kina cha maji, na hifadhi yenyewe.

Kuna wasemaji wa Kiswahili huko?

Wasemaji wa Kiswahili wa jimbo hili, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, wako Montréal, Québec, Sherbrooke na Gatineau. Lakini mwezi Agosti, kwenye kivuko hichohicho, nilisikia nyuma yangu mama akimkataza mwanawe asipande juu ya chuma cha ukingo. Kiswahili cha Kivu, kabisa. Tulisalimiana, tukaulizana kwetu ni wapi. Mtoto, wa miaka sita hivi, hakutujali. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili, anatazama mdomo wa fiodi ambako upepo ulikuwa ukipandisha mawimbi madogo yenye povu.

"Mama, angalia, wimbi lile halivunjiki."

Tukatazama. Mawimbi yote meupe yalikuwa yakivunjika na kupotea, isipokuwa moja, na karibu yake la pili, dogo, la kijivu.

"Mama, linapumua!"